Kabla hujakausha kongoro, muulize mnywa supu

Wanaokuja dukani kuniuliza kama vitafunwa vya mbwa na paka vinauzika Dar es Salaam, nawajibu vinauzika. Swali lao la pili ndilo linalonifanya nivute kiti. "Mama, nikichukua kwato, masikio na makoromeo ya ng'ombe pale machinjio ya Vingunguti, nikakausha na kufunga vizuri, utaniwekea dukani?" Wameona kwenye simu zao jinsi Wamarekani wanavyokausha sikio la ng'ombe na kuliuza kwa dola. Wamepiga hesabu, na hesabu imewaahidi gari kabla mwaka haujaisha.

Kosa la hesabu hiyo liko kwenye mstari wa kwanza kabisa, mstari wa bei ya malighafi. Kule ilikonakiliwa, kwato ni taka. Hapa kwetu kwato ni makongoro, na makongoro yana mwenyewe.

Nauza dawa na vyakula vya mifugo Sinza. Sehemu kubwa ya duka ni ya kuku: chanjo ya kideri, vitamini, vyombo vya maji, mifuko ya chakula cha vifaranga. Mbwa na paka wana kona yao karibu na mlango, na kona hiyo imezidi kunenepa. Zamani ilikuwa na sabuni ya viroboto, mnyororo, dawa ya minyoo, basi. Leo kuna biskuti zenye umbo la mfupa, vijiti vya kusafishia meno, minofu ya kuku iliyokaushwa kama ng'onda, na vile vijipakiti vyembamba vya uji wa samaki ambavyo paka huvilamba kutoka mkononi mwa mwenyewe. Hivyo vya paka vinatengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Inaba, na mabinti wa chuo wanaoishi na paka kwenye vyumba vya kupanga wananunua kimoja kimoja kama wanavyonunua vocha.

Mji huu una desturi zake kuhusu wanyama, na anayetaka kuuza azijue. Kwa watu wa Pwani paka hana kesi. Anaingia msikitini, anajinyoosha kwenye jamvi, hakuna anayemfukuza. Mbwa mahali pake ni getini, usiku, na kazi yake ni kubweka. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mbwa analishwa ili alinde, na paka analishwa kwa sababu anapendwa, na pesa ya vitafunwa inafuata mapenzi. Kuna msambazaji aliniletea masikio ya nguruwe yaliyokaushwa, bidhaa inayopendwa sana Ulaya. Msaidizi wangu, kijana asiyekosa sala, akaniambia kwa heshima zote, "Mama, hayo utayashika mwenyewe." Yakarudi kwenye gari siku hiyohiyo. Semina za ujasiriamali hazikufundishi hilo.

Halafu kuna suala la nani hasa anayeshawishiwa. Mlinzi wa nyumba moja ya Mikocheni hutumwa na bosi wake kuchukua pakiti za kutoka nje. Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, aligeuza pakiti akaisoma polepole kwa sauti: bata na viazi vitamu. Akaniangalia.

"Mama, huyu mbwa anakula bata?"

"Ndivyo walivyoandika, baba."

"Mimi Krismasi nilikula kuku wa kugawana." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaniambia siri yake. Bosi akirusha kile kipande cha bata jioni, mbwa anakinusa, anakibeba kwa adabu mpaka chini ya gari, anakiacha hukohuko. Usiku mlinzi anampa kichwa cha sato kilichobaki kwenye ugali wake, na hapo mbwa anatafuna hadi macho. Anayejua mbwa anapenda nini hana uwezo wa kununua pakiti, na anayeinunua hayupo mbwa anapokula.

Biashara hii ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt alianza kuuza keki za mbwa London, mchanganyiko wa ngano, mboga na nyama, na wateja wake walikuwa mabwana wa Kiingereza wenye mbwa wa kuwindia. Charles Cruft, aliyeanzisha maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1891, alianza maisha akiwa mfanyakazi wa Spratt. Mwaka 1908 biskuti za Milk-Bone zikaanza kutengenezwa New York. Miaka yote kabla ya hapo mbwa walikuwa wakila masalio ya mezani, na hakuna aliyewasikia wakilalamika. Aliyetongozwa ni mwenye mbwa.

Na ametongozeka. Mwaka 2020 Wamarekani walivuka kwa mara ya kwanza dola bilioni 100 kwa mwaka katika matumizi yote ya wanyama wa nyumbani, kwa hesabu za chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa chakula na vitafunwa. Nestlé ilinunua Ralston Purina mwaka 2001 kwa zaidi ya dola bilioni 10. Mars, wale wa chokoleti, ndio wenye Pedigree na Whiskas, na mwaka 2006 wakachukua na Greenies, vile vijiti vya kijani vya meno. General Mills, wanaotengeneza nafaka za kifungua kinywa, walilipa dola bilioni 8 kwa Blue Buffalo mwaka 2018. Kampuni zinazolisha watu zimegundua kwamba mtu huyohuyo yuko tayari kulipia tena mitindo yake ya kula kwa niaba ya mbwa. Binadamu akiacha ngano, mbwa naye anaachishwa ngano. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaanza kuchunguza kama vyakula vya mbwa visivyo na nafaka vina uhusiano na ugonjwa wa moyo, lakini mtindo ulikuwa umeshauza mabilioni.

Sasa turudi kwenye kwato.

Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, mlaji wa kawaida anataka steki, nyama ya kusaga na soseji. Kwato, sikio, koromeo, pafu, havina foleni. Kiwanda cha nyama kinavitafutia pa kwenda, na vitafunwa vya mbwa ni pa kwenda pazuri kuliko shimoni. Hata uume wa fahali, ukikaushwa na kukatwa vijiti, kwa uzito unauzwa ghali kuliko steki. Hapo faida ipo, kwa sababu mwenye kiwanda alianza na kitu ambacho hakuna aliyekigombea.

Nenda Vingunguti alfajiri uone kama kuna kitu kisichogombewa. Utumbo una akina mama wake, wanaojua hadi ng'ombe yupi alikula majani mabichi. Mapupu yana wachuuzi wake. Kichwa kinanunuliwa kizima, ulimi unaondoka kabla jua halijachomoza, mkia una bei ya heshima. Kongoro linababuliwa, linakwanguliwa, linachemshwa usiku kucha, na saa kumi na mbili asubuhi dereva wa bodaboda analinywea supu na chapati mbili, limao na pilipili pembeni, kisha hali tena mpaka saa tisa. Huo uume wa fahali nao una supu yake, na wanywaji wake ni wanaume watu wazima wasiotaka kuulizwa sababu.

Kwa hiyo kijana anayetaka kukausha makongoro anaingia kwenye mnada dhidi ya mama lishe. Akiwa na mtaji mdogo, mama lishe atamshinda, kwa sababu ana wateja wa kila siku. Akiwa na mtaji mkubwa na soko la nje, yeye ndiye atakayeshinda, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Tumeshaona sinema hiyo kanda ya Ziwa. Sangara alipoanza kupelekwa Ulaya akiwa minofu, mtu wa Mwanza alibakiwa na mapanki, kichwa na mifupa, akavikaanga akavila. Mabondo, lile puto la hewa tumboni mwa samaki, yalipopata mnunuzi wa China, yakawa na thamani ambayo minofu yenyewe haifikii. Na dagaa, hawahawa ambao Wakenya wanawaita omena na Waganda mukene, kila siku wanagombaniwa na sufuria ya mama na mashine ya kusaga chakula cha kuku. Nauza chakula cha kuku, kwa hiyo sijitoi kwenye hesabu hiyo. Lakini kuku atarudi mezani kama yai. Kitafunwa cha mbwa hakirudi.

Msinielewe vibaya. Siko upande wa wanaowatukana wenye mbwa, wanaosema mtu anampaje mbwa nyama wakati kuna watoto wenye njaa. Anayenunua pakiti ya biskuti Masaki hajamnyang'anya mtoto wa Tandale kitu, na pesa yake inalipa pango la duka langu. Ninachosema ni cha kibiashara na cha kiserikali kwa pamoja: soko hili likue, ila lisikue kwa kupandisha bei ya supu.

Je, kuna malighafi isiyo na mgombea? Ipo. Ngozi ni ya kwanza ambayo watu hunitajia. Tuna zaidi ya ng'ombe milioni 30 nchini, bei ya ngozi mbichi iliporomoka vibaya, na wachinjaji wengine huziacha zikaoza. Ile mifupa myeupe ya kutafuna inayouzwa dunia nzima ni tabaka la ndani la ngozi lililotiwa chokaa, likaoshwa, likaviringwa na kukaushwa. Mimi siishabikii. Ikitafunwa inalainika na kuvimba, mbwa mwenye pupa anameza donge zima, na daktari wa mifugo anaitwa usiku. Tena ngozi iliyooshwa kwa dawa za kiwandani inahitaji usimamizi ambao karakana ya uani haina.

Inayonivutia zaidi ni funza. Wafugaji wa kuku wanamjua yule nzi mweusi wanayemwita BSF, ambaye funza wake hulishwa maganda ya maembe, ndizi zilizooza na makapi ya sokoni. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE pale Nairobi wamemfanyia kazi kwa miaka, na Ulaya tayari wanauza chakula cha mbwa chenye protini ya wadudu. Uingereza chapa ya Yora iliingia sokoni mwaka 2019. Taka za soko la Mabibo hazina mnywa supu. Funza aliyekaushwa na kusagwa, akachanganywa na muhogo au viazi vitamu na kuokwa, anatoa biskuti ambayo haijaongeza senti kwenye bei ya chakula cha mtu yeyote. Mteja wa hapa atakunja uso akisikia, najua. Lakini mteja huyohuyo anampa mbwa wake kichwa cha samaki kilicholala juani tangu asubuhi.

Kuna jambo lingine linaloninyima usingizi kuliko bei, nalo ni sumukuvu.

Mahindi yanapovunwa na unyevu na kuhifadhiwa vibaya, kuvu huota na kuacha sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Baada ya hapo wanunuzi wa mahindi ya watu wakawa wakali. Niambie, mahindi yanayokataliwa yanakwenda wapi? Hayachomwi yote. Mengine yanakuwa pumba na unga wa bei poa, na kwenye vibanda vya mitaani unga huo unauzwa kwa kilo ukiitwa unga wa mbwa. Karanga mbovu nazo zina safari hiyohiyo, na siku hizi kila anayefundisha kutengeneza biskuti za mbwa anafundisha kutia siagi ya karanga.

Mbwa ni mnyama dhaifu sana mbele ya sumukuvu. Ini lake linaharibika haraka: anaacha kula, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano. Marekani, yenye maabara kila kona, ilipoteza zaidi ya mbwa 100 mwishoni mwa mwaka 2005 kwa chakula cha kiwandani chenye mahindi ya aina hiyo. Desemba 2020 ikatokea tena kwa kiwanda kingine, na taarifa za wanyama waliokufa zikapita 110. Hapa mbwa akifa akiwa na macho ya manjano, jibu la mtaani ni moja: kalishwa sumu na wezi. Mzoga unazikwa nyuma ya banda, na mfuko wa unga unaendelea kutumika.

Tena madhara hayaishii kwa mbwa. Mwaka 2019 masikio ya nguruwe ya kutafuna yalihusishwa Marekani na ugonjwa wa salmonella uliowapata watu zaidi ya 150. Mtoto anashika sikio, anamrushia mbwa, analamba vidole. Nchi za Umoja wa Ulaya zinadai salmonella isionekane kwenye sampuli ya gramu 25 ya kitafunwa kabla hakijaingia, na kiwanda chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Kijana wa jiko la mkaa anayeniambia ana mpango wa kuuza Ujerumani, namwonyesha sharti hilo kwanza. Wengi hawarudi. Na vya kutoka nje si vitakatifu: kuanzia mwaka 2007 mamlaka za Marekani zilipokea malalamiko kuhusu minofu iliyokaushwa iliyotoka China, na hadi mwaka 2014 taarifa za mbwa waliokufa zilikuwa zimepita 1,000, huku chanzo hasa kikiwa hakijajulikana.

Ndiyo maana nagombana na mtindo ulioshika mitaani wa kufungua pakiti na kuuza vipande. Mteja wetu hana shida na kitafunwa. Shida yake ni pakiti ya gramu 100 yenye bei ya kukaribia kilo ya nyama. Anataka cha mia tano, cha elfu moja, ampe paka wake leo, kesho Mungu anajua. Hiyo ndiyo tabia ya soko letu, kuanzia mafuta ya kula hadi sabuni ya unga, na haina aibu. Muuzaji anamsikiliza, anapasua pakiti, anamwaga kwenye ndoo yenye mfuniko, anauza kwa mkono. Tarehe ya mwisho imebaki kwenye karatasi iliyotupwa. Vumbi, mende na joto la Februari vinafanya yaliyobaki. Dukani kwangu hakuna ndoo hiyo, na wapo wateja waliohamia kwa jirani kwa sababu hiyo.

Hapo sasa ndipo nafasi ya yule kijana ilipo. Watengenezaji wakubwa wa nje hawatafunga kipande kimoja cha shilingi 500 kwa ajili ya Sinza. Yeye anaweza: kipande kimoja, kimefungwa, kina tarehe, kina jina la aliyekitengeneza, kina namba ya simu. Aoke biskuti za muhogo na funza kwa ajili ya mbwa, akaushe vichwa vya samaki wadogo kwa ajili ya paka, iwapo atavipata bila kumpandishia bei mla dagaa. Asitie chumvi, kitunguu wala sukari ile ya kutengenezwa ya xylitol inayowekwa kwenye bazoka, maana hiyo inaua mbwa. Aandike pia kwamba kitafunwa si mlo. Madaktari wa mifugo wanashauri kisizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mnyama anahitaji kwa siku. Mbwa wa getini aliyenenepa hakimbizi mtu.

Serikali nayo ina la kufanya, na halihitaji sheria mpya. Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke inapima vyakula vya mifugo. Ipunguze gharama ya kupima sumukuvu kwa mzalishaji mdogo, ili kupeleka sampuli kusiwe anasa ya viwanda. Shirika la viwango, TBS, liweke kiwango kinachosomeka cha vitafunwa vya wanyama wa nyumbani na lipite kwenye vibanda vya unga wa mbwa kama linavyopita kwenye unga wa watu. Na wanaoendesha semina waache kuwapa vijana hesabu za Texas bila kuwapeleka Vingunguti alfajiri moja.

Nawe unayenunua, iwe kwangu au kwa jirani mwenye ndoo: geuza pakiti. Kama haina tarehe, jina la mtengenezaji na orodha ya kilichomo, irudishe kwenye shelfu, umnunulie paka wako samaki.